Safu ya maelezo

Betri ya laptop yangu ilianza kuvimba mwezi wa Machi 2024. Kelele za feni nilikuwa nimeshazizoea, na ule mstari wa kijani uliokatiza kioo nilikuwa nimeacha kuuona. Lakini asubuhi moja nilifungua duka nikakuta kibodi imefura upande wa kushoto kama chapati iliyo kwenye kikaango, nikajua mashine hii haina muda. Fundi simu wa mlango wa pili aliishika kwa uangalifu, akaigeuza, akanirudishia. "Kaka, hii usiiache kwenye chaji usiku. Kama kuna vitu vyako humo, vitoe leo."

Vitu vyangu vilikuwa kitu kimoja: orodha ya kadi zangu za Magic: The Gathering. Kadi 3,146, nilizoziingiza moja moja tangu mwaka 2011, kwenye programu ambayo watengenezaji wake walishaitelekeza.

Kwa asiyeujua mchezo huu: ulibuniwa na Mmarekani Richard Garfield, ukatolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Si kama karata tunazocheza barazani, ambazo ukizikamata wewe au akizikamata jirani ni zile zile. Hapa kila mchezaji anajenga fungu lake mwenyewe, kwa kawaida la kadi zisizopungua 60, akichagua kutoka maelfu ya kadi tofauti zilizochapishwa miaka yote hii. Zinauzwa kwenye pakiti zilizofungwa. Hujui utapata nini, kwa hiyo mnabadilishana. Na kadi ya jina lile lile inaweza kuwa imechapishwa mara kumi, kila mara katika seti nyingine (seti ni kundi la kadi zinazotolewa pamoja), na kila toleo lina bei yake na watu wanaolitafuta. Bila orodha unapotea. Utamwazima mtu kadi usahau, au utatoa toleo la 1994 ukidhani ni la mwaka juzi.

Mimi niliupata kwa mwalimu. Mwanza na Würzburg ya Ujerumani ni miji rafiki tangu 1966, na nilipokuwa kidato cha tano alikuja kijana wa kule kujitolea kufundisha hisabati. Jioni baada ya prepo alitukalisha wanne chini ya mwembe, akatandika kitenge, akagawa kadi. Nusu zilikuwa za Kiingereza, nusu za Kijerumani, na tulijifunza kwamba "Wald" ni msitu na "Insel" ni kisiwa kabla hatujajua kusalimia kwa Kijerumani. Alipoondoka mwaka 2008 aliniachia boksi la viatu lenye kadi kama mia nne. Nyingine zote zimekuja kwa miaka: kwa watu waliosafiri, kwa wageni waliopita mjini, na zaidi kwa kubadilishana na wenzangu sita au saba wa hapa Mwanza, ambao hadi leo tunakutana Jumamosi jioni dukani kwangu Mlango Mmoja nikishazima mashine za fotokopi.

Kila kadi ilipoingia niliiandika: tarehe, idadi, jina, seti, namba, hali, lugha, kama ni ya foili inayong'aa au ya kawaida. Mwisho kabisa kulikuwa na safu ya maelezo. Humo niliandika imetoka kwa nani, tulibadilishana na nini, wapi. Mstari mmoja tu, wakati mwingine maneno matatu.

Basi siku ile niliyoambiwa nivitoe, nilivitoa. Nilibonyeza sehemu ya kutoa orodha, likaja dirisha dogo lenye visanduku vya tiki. Baadhi vilikuwa vimeshawekwa tiki na programu yenyewe. Nikavipitisha macho, nikabonyeza sawa. Likatoka faili la CSV, yaani maandishi matupu ambayo kila kitu kinatengwa na kingine kwa alama ya mkato. Nikaliweka kwenye flashi, nikajitumia pia kwa barua pepe.

Programu mpya niliyoichagua inakaa kwenye simu na kwenye intaneti pia. Nikaipa faili usiku ule ule, nikiwa nyumbani Igoma, bando likiwa linakaribia kwisha. Ikasoma dakika chache, ikaniambia imepokea kadi 2,918 na imekataa mistari 142. Nikasahihisha mistari michache niliyoiona ina kasoro, nikaingiza faili zima tena nikitegemea itajaza yaliyopungua. Haikujaza. Iliongeza juu. Sasa nilikuwa na kadi 5,836, mara mbili ya zile za kwanza, na ile mistari niliyoisahihisha ikakataliwa vilevile.

Mpwa wangu anasoma chuo Nyegezi, na kila mwisho wa wiki huja kunisaidia dukani. Jumamosi ile aliingia, "Shikamoo mjomba," nikaitikia bila kunyanyua kichwa, akaja akasimama nyuma yangu akaangalia kioo kwa muda.

"Mjomba, futa zote."

"Zote?"

"Huku kwenye mpya. Kule kwenye mashine ya zamani usiguse kitu. Tuanze na ishirini tu."

Hili ndilo jambo ninalomwambia kila anayeniuliza kuhusu kuhamisha orodha, iwe ya kadi, ya vitabu au ya bidhaa za duka: usianze na zote, wala usianze na zilizo rahisi. Tulikaa chini nyuma ya kaunta tukachagua kadi ishirini korofi kuliko zote. Moja yenye alama ya mkato ndani ya jina. Moja yenye herufi yenye kofia. Moja ambayo ni kadi mbili kwenye karatasi moja. Moja ya foili, moja ya Kijerumani, moja ya zamani isiyo na namba, nne zenye jina moja na picha tofauti. Tukatengeneza faili dogo la hizo tu, tukaliingiza, tukakagua moja moja kwa kadi yenyewe mkononi, tukafuta, tukarekebisha, tukaingiza tena. Mara ya kumi na moja ndipo zote ishirini zilikaa sawa. Mvua ilikuwa imeanza na kuisha, na wateja wawili walisubiri fotokopi zao kwa uvumilivu ambao nawashukuru mpaka leo.

Nitaeleza chache kati ya hizo, kwa kuwa ndizo zilizonifundisha.

Ya kwanza ni samaki. Kuna kadi iitwayo Dandân, na herufi ya a ya pili ina kofia. Ilichapishwa kwanza mwaka 1993 katika seti ya Arabian Nights, ile iliyochota visa vyake kwenye Alfu Lela Ulela, na ikarudishwa 2006 katika Time Spiral. Yangu ni hiyo ya 2006. Ni samaki mkubwa mwenye nguvu, lakini hawezi kumshambulia mtu asiye na kadi ya kisiwa mezani, na wewe mwenyewe ukibaki bila kisiwa, samaki wako anakufa. Mwalimu aliponipa alisema hii ni ya watu wa ziwa. Nimetoka Ukerewe, kwa hiyo niliielewa kabla hajamaliza kueleza.

Programu mpya ilisema haimjui samaki huyo. Nilipofungua faili kwenye Excel nikaona kwa nini: jina lilikuwa limegeuka "DandÃ¢n". Herufi moja imekuwa mbili, na zote si zake. Kumbe faili lilitoka salama. Kompyuta huhifadhi herufi kama namba, na kuna zaidi ya utaratibu mmoja wa kuzisoma namba hizo. Faili limeandikwa kwa utaratibu uitwao UTF-8, ambamo a yenye kofia inachukua nafasi mbili. Nilipolifungua kwa kulibonyeza mara mbili, Excel ililisoma kwa utaratibu wa zamani ambamo kila nafasi ni herufi inayojitegemea. Kwa hiyo ikaona herufi mbili pale palipokuwa na moja. Kisha nikahifadhi, na kosa la kusoma likawa kosa la kuandika. Kadi zote za aina hiyo ziliharibika pamoja: Lim-Dûl's Vault, Jötun Grunt, Séance.

Dawa ni kutofungua faili la CSV kwa kulibonyeza mara mbili. Unafungua Excel tupu kwanza, unaingia sehemu ya data, unaagiza kuleta kutoka faili la maandishi, na hapo unachagua UTF-8. LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Excel, ni rahisi zaidi maana yenyewe inakuuliza kabla ya kufungua, tena inakuuliza pia kitenganishi ni mkato au nukta mkato. Hapo hapo unaiambia safu ya namba za kadi iichukue kama maandishi, si hesabu, la sivyo kadi iliyoandikwa 007 itabaki 7 na huenda programu unayohamia inataka tarakimu zote tatu. Na kamwe usihifadhi juu ya faili la kwanza. Lile la kwanza liache kama lilivyozaliwa, fanyia kazi nakala.

Alama ya mkato ndani ya jina ilikuwa nyepesi. Akroma, Angel of Wrath inapaswa kufungwa kwa alama za kunukuu. Zisipokuwepo, Akroma anakaa kwenye jina na malaika anahamia kwenye seti. Kadi mbili kwa moja, kama Fire // Ice, programu moja inaandika kwa mistari miwili ya mshazari na nyingine kwa mmoja. Za Kijerumani tuliziandikia jina la Kiingereza na kuiacha safu ya lugha ifanye kazi yake, kwa kuwa kanzidata nyingi hutafuta kwa Kiingereza. Tarehe nilizoandika siku kwanza zilisomwa mwezi kwanza, kama wafanyavyo Wamarekani, hivyo tarehe 3 Aprili ikawa 4 Machi. Hizo tulizigeuza zote kuanza na mwaka, na utata ukaisha.

Lakini nne zenye jina moja zilitukalisha.

Mwaka 1994 ilitoka seti iitwayo Fallen Empires. Ilichapishwa kwa wingi mno, ndiyo maana hata mtu wa Mwanza anaweza kuwa nazo. Katika seti hiyo, kadi nyingi za kawaida zilipewa picha zaidi ya moja. Hymn to Tourach ina picha nne, za wachoraji wanne: Liz Danforth, Quinton Hoover, Susan Van Camp na Scott Kirschner. Maneno ya kadi ni yale yale, jina ni lile lile, na namba hakuna, maana kadi za Magic zilianza kuandikwa namba mwaka 1998 kwenye seti ya Exodus. Kwa hiyo kinachozitofautisha ni picha, na jina la mchoraji lililoandikwa chini kushoto kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Orodha yangu ilisema tu: Hymn to Tourach, Fallen Empires, nne. Programu mpya, kwa kukosa maelekezo, iliziweka zote nne kwenye picha ya kwanza. Hesabu ilikuwa sahihi. Nne ni nne. Ila kwenye kioo nilikuwa na picha moja mara nne, na mkononi nilikuwa na picha nne tofauti, na ile ya nne nilikuwa nimeitafuta miaka mingi mpaka nikaipata. Mpwa wangu alimulika kwa tochi ya simu, mimi nikavaa miwani, tukasoma majina ya wachoraji kama watu wanaosoma hirizi. Scryfall, kanzidata ya kadi za Magic iliyo mtandaoni, inazitofautisha picha hizo kwa kuongeza herufi mwishoni mwa namba iliyoipa kadi yenyewe, na kila toleo la kila kadi limepewa pia utambulisho wake mrefu ambao haufanani na wa kadi nyingine yoyote. Hapo ndipo nilipoamua kila mstari wa orodha yangu uwe na utambulisho huo. Majina yanaweza kuandikwa kwa namna nyingi, seti zinaitwa hivi hapa na vile kule, lakini utambulisho ule haubadiliki.

Kadi za ardhi za kawaida, kama msitu na kisiwa, zilikuwa na tatizo hilo hilo. Seti ya Mirage peke yake ina picha nne za msitu. Nina misitu mingi. Ile kazi ilichukua jioni mbili na sitaieleza.

Seti nazo tulizitengenezea kamusi. Programu ya zamani ilitumia vifupisho vya zamani: FE kwa Fallen Empires, IA kwa Ice Age, MI kwa Mirage, 4E kwa toleo la nne. Mpya inataka FEM, ICE, MIR, 4ED. Tukafungua jedwali la pili, safu ya kushoto vifupisho vya zamani, ya kulia vipya, mistari 74, tukaiamuru Excel ibadilishe yenyewe kwa VLOOKUP, kanuni yake ya kutafuta kitu kwenye jedwali. Kwa toleo la tatu na la nne nilizihakiki kadi zenyewe, kwa kuwa miaka ya mwanzo nilikuwa nazichanganya: zote zina ukingo mweupe, lakini za toleo la nne zina mwaka 1995 chini na za la tatu hazina mwaka.

Jambo ambalo nisingeligundua bila zile kadi ishirini ni hali ya kadi. Wafanyabiashara wa Marekani wana mizani yao: Near Mint (karibu mpya), kisha Lightly Played (imechezewa kidogo), kisha ngazi tatu nyingine kushuka chini. Soko la Ulaya lina mizani nyingine yenye ngazi saba: Mint, Near Mint, Excellent, Good, halafu ndiyo Light Played, kisha Played na Poor. Programu yangu ya zamani ilikuwa ya Kimarekani, mpya ni ya Ulaya. Nilipoingiza, ikaona Lightly Played, ikaona kwake kuna Light Played, ikaziunganisha. Kadi iliyokuwa ngazi ya pili, yenye mkwaruzo kidogo tu ukingoni, ikawa ya ngazi ya tano. Kadi zaidi ya mia sita zilishuka thamani hivyo, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea, kwa sababu kwa mashine hapakuwa na kosa. Maneno yalifanana. Hapo dawa ni moja: unaandika mwenyewe, kwa mkono, ngazi hii ya huku ni ipi ya kule, ukiwa na kadi mbele yako.

Jumapili ya wiki ya tatu tuliingiza faili zima. Kadi 3,146. Tukalinganisha seti kwa seti, si jumla tu, maana jumla inaweza kusawazishwa na makosa mawili yanayofidiana. Kila seti ilikuwa sawa. Mpwa wangu alipiga makofi, nikatuma mtoto wa jirani atuletee sato wa kukaanga na ndizi. Alhamisi iliyofuata mashine ya zamani haikuwaka. Fundi alijaribu siku mbili, akaniambia diski nayo imeondoka.

Sikuumia. Nilikuwa na orodha yangu.

Ilikuwa kama mwezi baadaye, mwenzetu wa Bwiru alipoomba nimrudishie kadi fulani tuliyobadilishana zamani, alitaka kumpa mwanawe. Nikasema ngoja niangalie tulibadilishana na nini, nikufanyie haki. Nikaifungua kadi kwenye simu. Picha ipo, bei ipo, seti, hali, lugha. Nikatelezesha chini kutafuta maelezo.

Sijui nilitelezesha mara ngapi. Nikafungua kadi nyingine, na nyingine. Nikalirudia faili la kwanza kabisa, lile tusiloligusa, nikalifungua kwa utaratibu ule sahihi. Safu nane. Kwenye dirisha dogo la siku ile, kisanduku cha maelezo hakikuwa na tiki, na mimi nilibonyeza sawa.

Nitasema ninavyoliona jambo hili, maana nimelifikiria sana. Jina la kadi, seti, namba, mchoraji, bei ya leo, vyote hivyo nikivipoteza kesho navirudisha. Vimeandikwa duniani kote. Nikipiga picha kadi kwa simu, programu inanitajia yote kwa sekunde. Kitu pekee katika orodha ile ambacho hakikuwa kimeandikwa mahali pengine popote chini ya jua kilikuwa safu ya maelezo, na wiki tatu nzima nilizihangaikia kofia za herufi huku yenyewe nimeiacha nyuma. Hakuna programu itakayokuonya kuhusu hilo. Programu inakagua inachokijua, na yenyewe haijui mwembe wala kitenge.

Nilimweleza mpwa wangu. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, "Mjomba, hukuwahi kuiprinti?"

Niliwahi. Mwaka 2018 duka lilipata printa mpya, na kuijaribu niliiprintia orodha yote, karatasi 41, pamoja na maelezo. Nikaziweka chini kabisa ya lile boksi la viatu la mwalimu, chini ya kadi, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Huku kwetu masika ikishika, hewa ya ziwa huzikunja kadi za foili kama majani ya mgomba yaliyokauka, kwa hiyo vipakiti vile huwa navikusanya. Nikalitoa boksi, nikazitoa kadi kwa mafungu, nikafikia karatasi. Wino ulikuwa umefifia na kingo zimepata ukungu, lakini zilisomeka.

"Dandân. Mwl. aliniachia. Alisema ya watu wa ziwa."

"Serra Angel. Kwa kijana wa Bwiru, Capri Point, tulibadilishana 3 kwa 1. Alijuta, nikamwongezea moja."

"Msitu. Sijui umetoka wapi, ulikuwa ndani ya kitabu cha fizikia."

Niliyachapa upya mwenyewe, usiku baada ya kufunga. Mpwa wangu alijitolea kusaidia nikamwambia hapana, hii niache. Sikuyaweka ndani ya programu. Nilitengeneza jedwali langu, kila kadi na mstari wake, utambulisho wake wa Scryfall mwanzoni na maelezo mara tu baada yake, safu ya pili, si ya mwisho tena. Hilo ndilo daftari mama. Programu ya simu inalishwa kutoka humo. Yenyewe ni mpangaji tu. Ikihama au ikifa, nyumba inabaki. Na kila baada ya miezi mitatu naliprinti, naweka chini ya boksi.

Zilibaki kadi 212 zilizoingia kati ya 2018 na 2024. Hizo hazikuwa kwenye karatasi. Kwa hizo nimekuwa nikiwafuata watu. Baadhi nimezikumbuka mwenyewe, nyingine tumekumbushana Jumamosi, watu wanabishana kidogo kisha wanakubaliana. Aliyehamia Bukoba nilimpigia simu, akanitajia kumi na mbili mfululizo bila kusita. Mpaka sasa nimefikisha 137.

Ile Hymn to Tourach ya nne, ya Susan Van Camp, niliiacha karibu na mwisho. Nilikumbuka nimeipata kwa mwenzetu anayeuza dagaa Kirumba Mwaloni, lakini sikukumbuka nilimpa nini, na ilinisumbua, maana alijua jinsi nilivyokuwa naitafuta na angeweza kuniomba chochote. Nilimfuata asubuhi mapema. Magunia yalikuwa yanapakiwa kwenye fuso, vumbi la dagaa limetanda, naye amesimama na daftari akihesabu. Nikasubiri amalize. Akajipangusa mikono kwenye suruali, mara mbili, ndipo akaipokea kadi, bado ikiwa kwenye mfuko wake wa plastiki. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Hii si ya harusi yangu?"

"Harusi yako?"

"Wewe si ndiye uliyeniprintia kadi za mchango. Mia na ishirini. Ukakataa hela." Akanirudishia. "Nikakwambia basi, kadi kwa kadi."

Nilitoa simu nikaandika pale pale, nimeegemea gunia: Hymn to Tourach, Van Camp. Kadi moja kwa kadi 120 za mchango. Akainama kusoma, akaniambia niongeze mwaka. 2019.